Saa ndogo, kitufe kimepotea: kupanga skeli ya skrini na ukubwa wa wijeti za dekstopu

Laptopu za mtumba zinazouzwa Mwanjelwa na Kabwe hapa Mbeya zinakuja na vioo vya kila namna. Unaweza kukuta mbili zinafanana kama pacha, zote inchi 14, zote za kampuni moja, kumbe kioo cha moja kina pikseli 1366 kwa 768 na cha nyingine 1920 kwa 1080. Weka saa ileile ya dekstopu, kutoka faili lilelile, kwenye zote mbili: ya kwanza utaisoma ukiwa umesimama mlangoni, ya pili itakubidi uinamie meza. Hapo ndipo watu wanaanza kuhangaika. Mtu anashusha rezolusheni, anapandisha asilimia, anafuta programu na kuisakinisha upya, na mwisho kila kitu kwenye kioo kinakuwa na ukungu kama Uyole mwezi wa sita.

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na Windows 11. Kwa upande wa wijeti, yaani vidude vya saa, betri, kasi ya intaneti na vinginevyo unavyobandika juu ya dekstopu, nitatumia programu iitwayo Rainmeter. Ni ya bure, faili la kuisakinisha halifiki MB 5, na faili zake ni maandishi ya kawaida unayoweza kuyafungua kwa Notepad ukarekebisha mwenyewe.

## Kwanza jua ni ukubwa upi unaokusumbua

Kuna vitu vitatu hapa, na vinachanganywa kila siku.

Cha kwanza ni rezolusheni, idadi ya pikseli ambazo kioo kimetengenezwa nazo. Hii si ya kuchezea. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli hizo na si zaidi wala pungufu. Ukikiambia kioneshe 1366 kwa 768, kinalazimika kutandaza picha ndogo juu ya pikseli nyingi, na kingo za herufi zinafifia. Vitu vitakuwa vikubwa, ndiyo, ila utalipia kwa macho.

Cha pili ni skeli ya Windows, ile asilimia 100, 125, 150 na kuendelea. Hii inaziambia programu zijichore kubwa zaidi huku rezolusheni ikibaki palepale. Kwa Windows, asilimia 100 ni DPI (nukta kwa kila inchi) 96. Asilimia 125 ni 120, asilimia 150 ni 144, na asilimia 200 ni 192.

Cha tatu ni ukubwa wa wijeti yenyewe, ulioandikwa na aliyeitengeneza. Kesi nyingi zimelala hapa, kwa sababu wijeti za Rainmeter zinahesabu pikseli moja kwa moja na hazisikilizi skeli ya Windows. Unaweza kupandisha skeli hadi asilimia 200, menyu zikajaa kioo kizima, na saa yako ikabaki vilevile kwenye kona.

Kwa hiyo utaratibu ni mmoja: rezolusheni irudi kwenye asili yake, kisha skeli ya Windows ipangwe kwa ajili ya programu, kisha wijeti zipangwe peke yake. Ukianzia mwisho utarudia kazi.

## Hatua ya 1: rudisha rezolusheni

Bonyeza Windows pamoja na I, ingia System, halafu Display. Shuka mpaka "Display resolution" uchague ile iliyoandikwa "Recommended" pembeni. Basi.

Tatizo linakuja pale orodha inapokuwa na chaguo moja au mawili tu, mathalani 1024 kwa 768, na kila kitu ni kikubwa na kimevutwa. Hii inatokea sana kwenye mashine zilizotoka kuwekewa Windows mpya. Bofya kulia kitufe cha Start, fungua Device Manager, tazama chini ya "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", ujue kompyuta haina draiva ya grafiki na inaendesha kioo kwa kubahatisha. Usiguse skeli wala wijeti kwanza. Unganisha intaneti, acha Windows Update itafute draiva, au ipakue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine kwa kutumia namba ya modeli iliyo chini ya laptopu. Ukiiweka, rezolusheni sahihi itajitokeza yenyewe. Wapo wanaolipia "marekebisho ya kioo" kwa tatizo hili, wakati kioo hakina ugonjwa wowote.

## Hatua ya 2: skeli ya Windows

Palepale kwenye Display, juu ya rezolusheni, kuna "Scale". Windows yenyewe inapendekeza asilimia fulani, na mara nyingi haikosei sana. Ila ni vizuri ujue hesabu iliyo nyuma yake, kwa sababu itakusaidia tena kwenye wijeti.

Msongamano wa pikseli unapatikana kwa kugawanya urefu wa mshazari wa kioo katika pikseli kwa urefu wa mshazari katika inchi. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina mshazari wa takriban pikseli 2203. Kwenye laptopu ya inchi 14 hiyo ni pikseli 157 kwa kila inchi. Kwenye laptopu ya inchi 15.6 ni 141. Kwenye monita ya mezani ya inchi 24 ni 92 tu. Kioo cha 1366 kwa 768 kina mshazari wa pikseli 1567, hivyo kwa inchi 14 unapata 112, na kwenye televisheni ya inchi 32 yenye rezolusheni hiyohiyo unapata 49.

Ukiwa na namba hiyo, igawanye kwa 96. Laptopu ya inchi 14 yenye 1920 kwa 1080 inatoa 1.64, ndiyo maana asilimia 150 inakaa vizuri machoni. Ya inchi 15.6 inatoa 1.47, na hapo wengi wanaridhika na 125 kwa sababu wanataka nafasi ya kazi. Monita ya inchi 24 iache kwenye 100. Laptopu ya 1366 kwa 768 nayo iache kwenye 100, na hii nasisitiza.

Sababu ya kusisitiza: skeli inakula nafasi. Kioo cha 1920 kwa 1080 kikiwekwa asilimia 150, programu zinabaki na nafasi sawa na 1280 kwa 720. Hiyo inatosha. Lakini kioo cha 1366 kwa 768 kikiwekwa 125, zinabaki na takriban 1093 kwa 614, na kwa 150 ni 911 kwa 512. Madirisha mengi ya programu za zamani, kama zile za kuskani au za hesabu za duka, yamechorwa kwa kuamini kuna angalau 600 kwenda chini, na upau wa chini wa Windows unakula sehemu ya hizo 614. Matokeo yake vitufe vya OK na Save vinadondokea nje ya kioo.

Mama mmoja mwenye steshenari huwa anapiga simu kwa jambo hilihili. "Fundi, herufi sasa nazisoma bila miwani, ila kitufe cha kuseivu sikioni." "Shikamoo mama. Shika Alt, bonyeza Spesi, halafu M. Sasa bonyeza mshale wa juu." Kimya kidogo, kisha: "Eeh, kimepanda." Njia hiyo inasogeza dirisha juu hata kama kichwa chake kitapotea. Lakini ni ya kujiokoa tu. Mtu hawezi kuseivu hivyo kutwa nzima wakati wanafunzi wamepanga foleni na flashi zao mkononi.

Kwa mtu kama huyo, mwenye kioo cha 768 na macho yaliyochoka, dawa ni kukuza maandishi peke yake. Kwenye Windows 11 ingia Accessibility, kisha "Text size". Kwenye Windows 10 ni Ease of Access, kisha Display. Kuna kitelezi kinachotoka asilimia 100 hadi 225. Kinakuza maandishi ya menyu na majina ya faili bila kuvimbisha kila dirisha. Anza na 115 au 120, bonyeza Apply, uone.

Aikoni za dekstopu zina njia yao: bofya sehemu tupu ya dekstopu, shika Ctrl, zungusha gurudumu la mauzi.

Kuna pia "Custom scaling", sehemu ya kuandika asilimia yako kati ya 100 na 500. Sipendi kuitumia. Inashika skrini zote zilizounganishwa kwa pamoja, inakulazimisha utoke na kuingia tena, na programu nyingi zimejaribiwa kwenye 125, 150, 175 na 200, si kwenye 137. Ukiiandika 400 kwenye laptopu ndogo, hata kurudi kwenye seting'i ni shughuli.

## Programu moja ikiwa na ukungu

Ukishapanda juu ya 100, zingine zitakuwa kali na moja au mbili zitafifia. Si kioo. Ni programu ya zamani isiyojua kujichora kwa DPI kubwa, hivyo Windows inaipiga picha na kuivuta.

Tafuta faili lake la exe au njia yake ya mkato, bofya kulia, Properties, kichupo cha Compatibility, kisha "Change high DPI settings". Weka tiki kwenye "Override high DPI scaling behavior". Chini yake kuna chaguo tatu. "Application" inaiachia programu ijichore yenyewe: herufi zitakuwa kali ila pengine ndogo. "System" inaiachia Windows ivute. "System (Enhanced)" nayo ni Windows, lakini kwa programu zilizojengwa kwa mfumo wa kuchora wa zamani wa Windows inaweza kutoa herufi kali na kubwa kwa pamoja. Jaribu hiyo ya tatu kwanza. Funga programu, uifungue tena.

## Hatua ya 3: wijeti

Sasa tuingie kwenye chenyewe. Kila wijeti ya Rainmeter inaitwa skini, na ni faili lenye mwisho wa .ini lililoko ndani ya Documents, Rainmeter, Skins. Ndani yake utakuta mistari kama W=300, ikimaanisha upana wa pikseli 300. Chukua rula ya shule uweke juu ya kioo: pikseli 300 kwenye laptopu ya inchi 14 yenye 768 ni karibu sentimita 7, kwenye ya 1080 ni chini kidogo ya sentimita 5, kwenye monita ya inchi 24 ni zaidi ya 8, kwenye televisheni ile ya inchi 32 ni zaidi ya 15. Faili ni lilelile. Napenda kipimo cha rula kwa sababu kinakata ubishi. Amua unataka saa iwe na upana wa sentimita ngapi, pima iliyopo, gawanya upana unaoutaka kwa uliopo, na hiyo ndiyo namba ya kukuzia.

### Njia ya haraka

Unaweza kuilazimisha Rainmeter nzima ifuate skeli ya Windows kwa kutumia dirisha lile la Compatibility. Funga Rainmeter kabisa kutoka kwenye aikoni yake karibu na saa ya Windows, nenda kwenye folda ya Rainmeter ndani ya Program Files, bofya kulia Rainmeter.exe, na uchague "System" kama nilivyoeleza. Ukiiwasha, skini zote zitavimba kwa pamoja.

Zitakuwa na ukungu, na baadhi zitahama pale ulipoziweka. Kwa picha tupu au mistari ya betri inavumilika. Kwa maandishi ya kusoma kila siku, mimi siipendi.

### Njia sahihi: skeli ndani ya skini

Kabla ya kuandika chochote, fungua skini uliyopakua utazame sehemu ya [Variables]. Watengenezaji wengi wameshaweka mstari wa Scale, Size au jina linalofanana. Kama upo, badilisha namba, seivu, bofya kulia skini yenyewe, chagua Refresh, na umemaliza. Wakati mwingine hiyo sehemu iko kwenye faili la pembeni lenye mwisho wa .inc ndani ya folda ya @Resources. Ukiona mstari unaoanza na @Include, fuata huko.

Skini ya illustro inayokuja na Rainmeter haina Scale. Ina textSize=8, na ukiipandisha mpaka 12 maandishi yatakua lakini upana wa mistari utabaki ule wa mwanzo, hivyo yataanza kugongana au kukatwa. Ndiyo maana kukuza herufi pekee hakutoshi: kila namba inayohusu nafasi, upana, urefu na herufi lazima izidishwe kwa kitu kimoja.

Ni rahisi kuelewa ukiandika yako. Tengeneza folda iitwayo Saa ndani ya Skins, na ndani yake faili Saa.ini lenye haya:

```
[Rainmeter]
Update=1000
AccurateText=1
DynamicWindowSize=1
MouseScrollUpAction=[!WriteKeyValue Variables Scale "(Clamp(#Scale#+0.1,0.5,4))"][!Refresh]
MouseScrollDownAction=[!WriteKeyValue Variables Scale "(Clamp(#Scale#-0.1,0.5,4))"][!Refresh]

[Variables]
Scale=1.5

[PimaSaa]
Measure=Time
Format=%#I:%M
TimeZone=-3
DaylightSavingTime=0

[PimaSiku]
Measure=Time
Format=%A
Substitute="Monday":"Jumatatu","Tuesday":"Jumanne","Wednesday":"Jumatano","Thursday":"Alhamisi","Friday":"Ijumaa","Saturday":"Jumamosi","Sunday":"Jumapili"

[Kibao]
Meter=Shape
Shape=Rectangle 0,0,(220*#Scale#),(110*#Scale#),(8*#Scale#) | Fill Color 0,0,0,160 | StrokeWidth 0

[AndikaSaa]
Meter=String
MeasureName=PimaSaa
X=(110*#Scale#)
Y=(8*#Scale#)
FontFace=Segoe UI
FontSize=(36*#Scale#)
FontColor=255,255,255,255
StringAlign=Center
AntiAlias=1

[AndikaSiku]
Meter=String
MeasureName=PimaSiku
X=(110*#Scale#)
Y=(78*#Scale#)
FontFace=Segoe UI
FontSize=(12*#Scale#)
FontColor=255,255,255,200
StringAlign=Center
AntiAlias=1
```

Fungua dirisha la Manage (bofya kulia aikoni ya Rainmeter karibu na saa ya Windows, chagua Manage), bonyeza "Refresh all", utaiona Saa kwenye orodha upande wa kushoto. Chagua faili lake, bonyeza Load.

Angalia kilichofanyika. Kila namba imefungwa kwenye mabano na kuzidishwa kwa #Scale#. Mabano si mapambo. Bila hayo Rainmeter haipigi hesabu. Ukibadilisha Scale kutoka 1.5 kwenda 2, kibao, saa na siku vinakua kwa uwiano mmoja. Na ile mistari miwili ya MouseScroll inakuwezesha kuweka mauzi juu ya saa na kuzungusha gurudumu: juu inakua kwa sehemu ya kumi, chini inapungua, na namba mpya inaandikwa ndani ya faili lenyewe ili ukizima kompyuta isipotee. Clamp inazuia isishuke chini ya 0.5 wala kupita 4, maana kuna watoto, na kuna gurudumu.

Gurudumu likigoma, bofya kulia saa, ingia Settings, uangalie kama "Click through" ina tiki. Ikiwa nayo, mauzi inapita juu ya wijeti kana kwamba haipo. Na kama bofyo la kulia nalo limekataa kwa sababu hiyohiyo, ondoa tiki kupitia dirisha la Manage.

Kuhusu TimeZone=-3: saa yetu rasmi iko saa tatu mbele ya ile ya dunia (UTC), na tunavyohesabu mdomoni tuko saa sita nyuma ya maandishi ya kompyuta. Tatu ukitoa sita ni hasi tatu. Hivyo kompyuta ikisema 07:00, wijeti inaonesha 1:00, saa moja asubuhi, kama anavyoisema konda wa daladala ya Uyole. Siku nimeiacha isome saa ya kawaida, la sivyo Jumatatu ingechelewa kuingia mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kama hutaki mtindo huu, futa TimeZone na DaylightSavingTime na uandike Format=%H:%M.

### Kuibadilisha skini ya mtu mwingine

Kazi ni ileile, ila ya uvumilivu. Nakili folda yote kwanza, uipe jina jipya, na ufanye kazi kwenye nakala. Ongeza Scale=1 kwenye [Variables]. Kisha pita sehemu moja baada ya nyingine ukigeuza X, Y, W, H, FontSize na Padding. Ukiacha Scale kwenye 1, skini inapaswa kubaki kama ilivyokuwa mwanzo. Ikihama hata kidogo, umekosea namba mahali, na ni afadhali ulione sasa kuliko baada ya mistari 200.

Mahali panapowatega watu ni nafasi za kutegemeana, mfano X=5R au Y=0r. Herufi hiyo ya mwisho ina maana yake: r ndogo ni kuanzia pale kitu kilichotangulia kilipoanzia, R kubwa ni kuanzia pale kilipoishia. Iache nje ya mabano: X=(5*#Scale#)R. Ukiiweka ndani, hesabu inavunjika.

Picha ni habari nyingine. Aikoni ya PNG ya pikseli 48 ukiikuza mara mbili itafifia tu, hakuna fomula ya kuiokoa. Tafuta picha kubwa, ya pikseli 256 mathalani, uipe W ndogo unayotaka na uongeze PreserveAspectRatio=1 ili isivutwe upande mmoja. Kupunguza picha kubwa kunatoka safi. Kukuza ndogo hakutoki. Kwa vibao na mistari tumia Shape kama nilivyofanya juu, kwa sababu inachorwa upya kwa kila ukubwa.

Mandhari ya nyuma yenye BackgroundMode=3, kama ya illustro, ina sehemu za pembeni zisizokua, zilizotajwa kwenye BackgroundMargins. Ukikuza maandishi, kichwa chake kitabaki chembamba na maneno yatapitiliza. Rahisi zaidi ni kuweka BackgroundMode=2 na SolidColor=0,0,0,160, ukaachana na picha kabisa.

Jambo dogo kwa wanaopenda wijeti ya hali ya hewa, na kwa baridi ya Mafinga na Njombe nawaelewa: alama ya nyuzi ikitoka kama herufi za ajabu, fungua faili kwenye Notepad, "Save as", na chini kwenye Encoding uchague UTF-16 LE.

## Skrini mbili, projekta na televisheni

Mwalimu wa chuo anayetoka ofisini na kwenda ukumbini, awe MUST hapa Mbeya au Mkwawa kule Iringa, anakutana na shida nyingine. Laptopu yake iko asilimia 150, projekta iko 100, na kila skrini ina skeli yake. Hilo ni sawa. Windows inaruhusu: ingia Display, bofya namba ya skrini kwenye mchoro wa juu, kisha panga Scale ya hiyo peke yake. Kwa wijeti ndiko kunakoharibika, kwa sababu Scale yako ni moja, na saa iliyopendeza kwenye laptopu inakuwa kubwa kama bango ukutani.

Kuna wanaoandika Scale=(#SCREENAREAHEIGHT#/1080) ili skini ijipime yenyewe. Inafanya kazi pale skrini zinapotofautiana rezolusheni tu. Lakini fomula hiyo inajua pikseli, haijui inchi. Laptopu ya inchi 14 na monita ya inchi 24, zote 1080, zitapata jibu moja, 1, wakati ya kwanza inahitaji 1.6. Tena ukizungusha gurudumu mara moja, fomula inafutwa na namba ya kawaida inaandikwa mahali pake. Chagua moja: fomula au gurudumu.

Ninachopendekeza ni nakala mbili za skini, Saa na SaaUkumbi, kila moja na Scale yake, na mpangilio wa kila mahali uhifadhiwe. Panga wijeti za ofisini unavyotaka, fungua Manage, kichupo cha Layouts, uandike jina "ofisi", Save. Nenda ukumbini, unganisha projekta, Windows pamoja na P, chagua Extend, ondoa Saa, weka SaaUkumbi, hifadhi kama "ukumbi". Kuanzia hapo ni kubofya kulia aikoni ya Rainmeter na kuchagua mpangilio. Kama unatumia Duplicate (skrini zote kuonesha kitu kilekile) badala ya Extend, ujue laptopu yenyewe inaweza kushushwa kwenye rezolusheni ya projekta. Wijeti zikihama wakati huo, usizipange upya, chomoa kebo kwanza.

Kwa televisheni kuna kisa cha pekee. Wijeti uliyoibandika ukingoni inakatwa nusu, na hakuna namba ndani ya faili inayosaidia, kwa kuwa televisheni nyingi zinakuza picha kidogo na kula kingo. Rekebisha kwa rimoti: kwenye menyu ya picha tafuta chaguo lililoandikwa "Just Scan", "Screen Fit", "1:1" au "Full Pixel" kutegemea aina. Kama huipati, sogeza wijeti ndani kidogo na uendelee na maisha.

Ikipotea kabisa baada ya kuchomoa monita, ujue bado iko, imebaki kwenye nafasi ya skrini ambayo haipo tena. Fungua Manage, ichague upande wa kushoto, na kwenye visanduku vya Coordinates andika 100 na 100. Itarudi kona ya juu kushoto. Weka tiki kwenye "Keep on screen" isitoroke tena.

Mwisho ni nakala. Ukija kusakinisha toleo jipya la skini uliyoirekebisha, kifurushi cha .rmskin kitaandika juu ya folda yenye jina lile na Scale yako itaondoka nayo. Mara nyingi toleo la zamani huwekwa kwenye folda ya @Backup ndani ya Skins, kwa hiyo tafuta huko kabla ya kukata tamaa. Ila ukiwa umeipa nakala yako jina jipya kama nilivyosema, hutahitaji kutafuta. Folda nzima ya Skins huwa haizidi MB chache. Inaingia kwenye flashi yoyote, na ukihamia mashine nyingine utabadilisha namba ya Scale tu.